Kidole cha Ezra Hakikukunjika

Ulipita Busale msimu huu, ukaiona migomba iliyokauka katikati ya kakao iliyostawi, mstari mmoja ulionyooka kama kamba, ukageuza uso. Usiseme hukuiona.

Mstari huo uko shambani kwa mjane Tusajigwe. Ezra, mnunuzi wa kakao, aliufukia mtaro wa mpaka akapanda miche yake upande wa mjane. Ukungu, ule kuvu wa udongoni, wa pande mbili ukakutana hapo mtaroni, na migomba iliyosimama ukingoni mwake ikafa. Asubuhi ilipokufa, Tusajigwe alikuwa akipalilia hapo pekupeku. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kikajikunja, kikakataa kunyooka.

Jumapili alisalimiana na watu nje ya kanisa, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kwa heshima. Kabla ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa na kidole kilichokunjika.

“Ndaga, asante mama, umetugawia,” alisema Ambilikile, mkuu wa wazee wanaoamua mipaka. “Hata tonge la wali linakaa vizuri.”

Beatrice, bintiye Tusajigwe, anasomea ukungu chuoni kwa ada inayotoka kwenye kakao ya shamba hilo. “Ukungu hauna mdomo,” alimweleza mama yake. “Ukigusana na mgeni, protini moja inajikunja, inamkunja jirani yake, naye anamkunja anayefuata, mpaka seli za mpakani zinakufa ili nyingine zipone. Protini hiyo inaitwa prioni; mnayosikia inaharibu ubongo wa ng’ombe, kwa ukungu ni mbiu ya zamani mno.”

“Na mgeni mwenyewe?”

“Hakunjiki. Akigusana na aliyekunjika, kitu kinakufa.”

Kidole cha Ezra hakikukunjika. Kila aliyempa mkono, ukucha wa kidole chake kidogo uligeuka mweusi, ukadondoka. Lakini mzani wa kakao ni wa Ezra, basi waliendelea kumsalimia, kwa mikono miwili.

Wazee walikuja, wakaikagua migomba, wakakubali kwamba imekufa palepale ulipokuwa mtaro. Kisha wakampa Ezra shamba. Ambilikile akampongeza, ukucha wake ukaanguka mezani, akaupangusa.

“Usinune, mama. Vidole vyetu viko nawe.”

“Vidole vyenu vitanisomeshea mtoto?”

Sasa Ezra anavuna upande ule wa mjane.

Kesho Tusajigwe anakata rufaa Kyela mjini, na hana shahidi. Wewe mtaro huo umeuruka tangu utotoni ukienda kuchota maji. Panda pikipiki sasa hivi, ukaseme mtaro ulipokuwa.