Yai la Jumatano

Ijumaa asubuhi Moran alimkuta binti yake Tehila chini ya meza ya jikoni, mashavu yametuna, maganda ya yai yametapakaa mapajani. Mtoto wa miaka mitatu, na raha zake. Moran alikaa sakafuni, akaanza kuyaokota yale maganda.

Lile halikuwa yai la kula. Safari hii Mwaka Mpya wa Kiyahudi uliangukia Alhamisi na Ijumaa, ukapakana na Sabato, ambayo huingia Ijumaa jioni na haipikwi kitu ndani yake, na siku ya sikukuu mtu hupikia siku hiyohiyo tu, hapikii kesho yake. Isipokuwa awe ameanza mapema: kabla jua la mkesha wa sikukuu halijatua, anatenga mkate na yai la kuchemsha, anatamka maneno yake, na hapo mapishi ya Sabato yanahesabiwa yameshaanza. Yai likiliwa lote kabla hajapika, basi tena, hata mkate ukibaki. Moran alikuwa ametenga vyake Jumatano, akavifunika kitambaa, akajiona mwenye nyumba kamili. Kutenga yai jingine sasa haikuwezekana. Nafasi hiyo ilizama na jua la Jumatano.

Na jioni hiyo mama mkwe wake, Mama Freha, alikuwa anakuja kula kwake kwa mara ya kwanza. Moran alilelewa kwenye nyumba isiyoshika Sabato. Sheria zote alizisoma ukubwani, darasa la jioni, daftari magotini na usingizi machoni. Mama Freha hakuwahi kumsema. Ila kila Moran aliposhika mwiko kule kwake, alikuja kusimama nyuma yake, akaangalia. Halafu mwaka huu, bila kuombwa, akasema Sabato hii atakula kwa mwanawe. Samaki alikuwa bado mbichi. Dengu zilikuwa kwenye maji.

Simu haiguswi siku ya sikukuu, na Netanel mumewe alikuwa sinagogi tangu alfajiri. Moran alimbeba mtoto, akashuka ngazi za mtaa wao pale Safed mpaka uani kwa sinagogi. Kwa bahati, baragumu la sikukuu lilikuwa halijapigwa, na Rabi Mordekai alikuwa ametoka kunywa chai. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yai limebaki walau kiasi cha zeituni moja. Moran akafungua kiganja. Maganda matupu.

Rabi alimtazama Tehila. "Lilikuwa tamu?"

Tehila akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nenda ukapike, binti yangu," Rabi akamwambia Moran. "Kila mwaka nikitenga la kwangu, natengea na mji mzima, kwa atakayesahau na atakayepotelewa. Kuna mtu anauinua ule mkate na lile yai kuwapokelea wote hao, maana siwezi kutoa mimi na kupokea mimi. Na wewe umo."

Alipokuwa anaondoka Rabi akamwonya kwamba ruhusa hiyo ni ya bahati mbaya tu. Mwakani aliweke juu ya kabati, vinginevyo watu watasema anamtuma mtoto.

Moran alipika kwenye moto uliokuwa ukiwaka tangu Jumatano, samaki na pilipili zake nyekundu, akawa anamfikiria huyo mtu asiyemjua aliyempokelea. Kabla ya jua kutua sufuria zilikuwa tayari, na mishumaa imewashwa.

Mezani Mama Freha alikula, kisha akasema samaki ameiva vizuri, amepikwa saa ngapi? Moran angeweza kujibu saa tu, yakaisha. Akaeleza yote, yai, maganda, Rabi, huku akiangalia kitambaa cha meza. Netanel aliacha kutafuna.

Mama Freha aliweka uma chini.

"Jumatano mchana Rabi aliniita," alisema. "Ananiita kila mwaka tangu baba yake Netanel afariki. Akanipa mkate na yai, nikaviinua hivi." Akanyanyua mikono yake yenye mishipa, kiasi cha kiganja kimoja juu ya meza. "Nilikuwa nawawazia wagonjwa, na wazee wasiokumbuka. Kumbe nilikuwa nakupokelea wewe, mwanangu."

Moran alisema "asante" kwa sauti ndogo, akachukua sahani ya mama mkwe wake akaijaza tena.

"Huyu mla mayai yeye mnyime," alisema Mama Freha, akimvuta Tehila mapajani, na akammegea samaki wa kwake.