Nyumba Isiyo na Lupango

Mama alipouza shamba lake la Lukafu ili tununue nyumba mjini, aliweka sharti moja tu: nyumba iwe na lupango. Hakudai jiko la kisasa wala chumba chake mwenyewe. Alitaka uwanja ndani ya ukuta, mahali watu watakapokaa siku ya kilio chake. Kwetu Lubumbashi marehemu analiliwa nyumbani siku kadhaa, na watu hawaji wawili watatu.

Mimi nilimcheka. Niseme wazi, nilimcheka mbele ya komisionere, dalali wa nyumba aliyekuwa akitutembeza.

Huyo komisionere, Guelord, alikuwa na nyumba mbili za kutuonyesha. Ya kwanza ilikuwa mtaa wa Makomeno, nyumba ya zamani iliyoshikana ukuta na ya jirani, mali ya mgane mmoja mzee, Papa Kalaba. Sakafu ilikuwa na nyufa, mabati yana kutu, choo kiko nje. Nyuma kulikuwa na lupango pana yenye mparachichi mmoja. Nilipokuwa nikikagua nyufa kwa hasira, Mama alivua kandambili, akauvuka uwanja kwa hatua, polepole, akihesabu. Mara mbili alisimama kuvuta pumzi. Nilidhani ni uzee.

"Hatua makumi mbili na mbili," akasema. "Bantu batatosha."

"Mama, tuko natafuta nyumba ya kuishi, hapana ya kufia."

Guelord akacheka pamoja nami. Mama akavaa kandambili zake.

Ya pili ilikuwa upande wa Naviundu: nyumba kumi mpya za ghorofa, zimepangwa mstari mmoja, rangi bado inanuka, vigae vinang'aa, bomba la maji ndani ya jiko. Nilifungua bomba, nikafunga, nikafungua tena.

"Hii ni mupya, Mama Léa," Guelord akaniambia. "Hautaita fundi kila siku. Na papiers ya nyumba iko propre, haina matata."

Mbele ya kila mlango palikuwa na nafasi ya gari moja. Nyuma palikuwa na ukuta tu. Kwenye kibanda cha sentineli, mlinzi wa langoni, walibandika masharti: hakuna turubai, hakuna mikusanyiko. Nilisoma, nikaona huo ndio ustaarabu.

Mama aliuliza mara moja tu. "Na hapa, bantu batakaa wapi?"

"Tutaona, Mama. Hauko nakufa kesho."

Nikakata shauri peke yangu, kana kwamba shamba lilikuwa langu.

Tulikaa humo miezi mitano. Alipika bukari, ugali wetu, kwenye jiko langu jipya, akalisifia bomba kwa majirani. Kila Alhamisi alivaa kitenge kizuri, akasema anakwenda kusalimia watu wa kanisa. Sikuuliza watu gani. Nilifurahi kwamba amezoea.

Kumbe alikuwa mgonjwa wa moyo, na alijua kabla hajauza shamba. Hilo nililisikia hospitalini, asubuhi aliyofariki, kwa daktari aliyedhani nalijua.

Kesho yake ndugu wakafika kutoka Lukafu. Sentineli wetu, Aristote, akawasimamisha kwenye kizuizi. "Mama Léa, pole sana," akaniambia. "Lakini bantu bengi hivi, bakubwa bangu balikatala."

Mjomba wangu Kasonde, mtu mzima, akakaa juu ya tofali kando ya barabara. Shangazi zangu walilia kwa sauti ya chini wasije wakafukuzwa. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Nilitamani kuchukua nyundo nivunje vile vigae kimoja kimoja.

Ndipo Papa Kalaba alipokuja kwa miguu, kofia mkononi. Nikamuuliza nani amempa habari. Aristote akainamisha kichwa.

"Ni yeye aliniita," akasema mzee. "Mama yako alimuachia numéro yangu ya simu. Alikuwa nakuya kwangu kila Alhamisi, kufagia lupango. Nyumba haiyauzwa bado. Aliniambia, 'Mutoto yangu atakosa pa kuweka bantu, atasikia haya. Umusaidie.'"

Mjomba Kasonde alinishika mkono kama mtoto anayejifunza kutembea.

Makomeno tulikuta turubai limefungwa kutoka kwenye mparachichi hadi ukutani, mikeka imetandikwa, madumu ya maji yamejaa. Watu wote walikaa, na nafasi ikabaki. Shangazi zangu walilia kwa sauti yao yote, na mimi nikalia nao.

Siku ya tatu, watu walipopungua, nilivua viatu nikauvuka uwanja. Mimi ni mrefu kuliko Mama, nikapata hatua kumi na tisa. Nikarudi mwanzo. Nikazifupisha, nikatembea polepole, nikasimama mara mbili pale aliposimama kuvuta pumzi, mpaka zikafika ishirini na mbili.