Tone la Mwenye Eda

Mwanaharusi alikuwa uani akipeta mchele pale mwanamke asiyemjua alipopiga hodi, akaingia kabla hajakaribishwa, begi begani, vumbi la bodaboda limemganda mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, kama umekuja kwa heri."

"Heri tupu. Naitwa Zuena. Namtafuta Bwana Hemedi. Aliniahidi atakuja Kilindoni, nikamngoja wee, hakutokea."

Ungo ukamtulia Mwanaharusi mapajani. Hemedi alikuwa kaka yake. Mashua ilikuwa imempindukia karibu na Ras Mkumbi, alikokwenda kukaa dago, kambi ya uvuvi, na wenzake, na tanga la msiba wake lilikuwa limeanuliwa juzijuzi tu hapa Kiegeani. Na huyu hapa, binti mbichi, anadai ahadi zake!

"Mliahidiana nini na mume wa mtu?"

"Hapana dada, mimi ni tabibu wa macho. Alikuja kunieleza habari za mkewe, akaahidi kumleta."

"Basi umechelewa. Tumeshamzika."

Mgeni akakaa juu ya kinu kilicholazwa. "Innalillahi," akasema, na machozi yakamchuruzika pale pale.

Badala ya kulainika, Mwanaharusi alizidi kuwaka. Mtu baki anamlilia kaka yake, na mke aliyelala naye mto mmoja hakumlilia! Siku ya mazishi Kidawa alikaa kati ya wanawake, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka, jicho kavu. Wanawake wakanong'ona. Mwanaharusi akakata kitunguu, akakikunja kwenye pindo la kanga, akamsogezea puani kama anayemfuta jasho. Wapi! Tangu hapo wakamwita Bi Ng'onda, kwa jicho lake kama la samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani.

"Mkewe yumo ndani, anakaa eda," alisema. "Njoo ulione hilo jicho. Labda wewe utatuambia limechongwa kwa jiwe gani."

Chumbani hewa ilikuwa nzito. Bi Umi, mama yao Hemedi na Mwanaharusi, alitaka ubani wa kumwombea mwanawe ufukizwe kutwa, na dirisha lifungwe. Kidawa alikuwa mkekani, shuka jeupe mwilini, ukili mkononi, macho mekundu.

Zuena alitoa chetezo nje kwanza, bila kuomba ruhusa.

"We! Hapa kwenu?"

"Moshi unamuumiza, dada." Akachuchumaa mbele ya Kidawa. "Mumeo aliniambia unahisi mchanga."

"Asubuhi kope zinanata," alisema Kidawa taratibu. "Kilio kinanijaa hapa kifuani, kinagonga, hakitoki."

"Hata tonge halimshuki bila maji," Mwanaharusi alidakia. "Anajidekeza tu."

Zuena akageuka upesi. "Mdomo nao unakauka?" Akatoa vijikaratasi vyembamba, akamtundikia Kidawa kimoja ndani ya kope ya chini.

"Nitie na mimi," alisema Mwanaharusi. "Isije ikawa karatasi ya mazingaombwe."

Akatiwa. Jicho lilimwasha, akataka kutukana, lakini alipoangalia, karatasi yake ilikwisha kulowa karibu yote. Ya Kidawa ilitoka kama ilivyoingia. Mwanaharusi aliishika, akaigeuza, akaipitisha mdomoni. Kavu.

"Chozi si la msiba tu," alisema Zuena. "Kila tunapopepesa kope, tunalilowesha jicho. Nanyi si mnalowesha miyaa kabla ya kusuka ukili? Usipoilowesha inakatika. Jicho nalo likikauka linachubuka, na likichubuka kwenye kioo chake likaacha kovu, ataona ukungu maisha yake yote. Mwili wake hautoi chozi, dada. Hata afiwe na dunia nzima."

"Hata... kwa kitunguu?"

"Kitunguu gani?"

Kidawa aliinamia ukili wake. Akaendelea kusuka, na Mwanaharusi alitamani angemlaumu.

Zuena akatoa kichupa. Kidawa alijaribu kujitia mwenyewe, jicho likajifumba kwa maumivu, tone likaishia sikioni. "Lazima atiwe na mtu. Mkande kope kwa kitambaa cha uvuguvugu, moshi usiingie humu, akisuka apumzike apepese. Kisha aje Kilindoni tumpime damu. Muulizeni shehe wenu, eda haimfungi mgonjwa. Sasa nani atamtia?"

Kikohozi cha Bi Umi kikasikika njiani, akitoka shamba.

"Mimi! Wallahi nitamtia, asubuhi, mchana, jioni na akilala, mpaka chupa iishe. Haya nenda!" Mwanaharusi aliapa kama mtu anayemfukuza mbuzi jikoni.

Lakini kiapo hakikutoka na mgeni. Mchana ule ule Bi Umi alisukuma mlango, akamkuta bintiye amemwinamia mjane.

"Unampaka wanja mwenye eda? Mwanangu hata hajaoza!"

"Si wanja, mama. Tazama." Akadondosha tone kwenye shuka jeupe. Palilowa tu.

"Leo halina rangi, kesho litakuwa nayo. Jicho lisilomlilia mwanangu ndilo linabembelezwa?"

"Haliwezi kulia, mama. Nimeona mwenyewe."

"Umeona karatasi." Bi Umi alimkazia macho. "Basi sikia. Mkono unaoshika hiyo chupa usinipakulie chakula."

Tangu baba yao afe, hakuna mkono mwingine uliompakulia Bi Umi. Wake za watoto walipika, wakachota maji, wakafagia. Sahani ya mama ilikuwa ya Mwanaharusi.

Jioni chungu cha mchuzi wa pweza kilitua uani. Bi Umi akanawa, akakaa, akangoja. Shani, mke wa mdogo wao, alisimama kando akitazama chini. Mwanaharusi alishika upawa. Akatazama mlango wa chumba. Akauweka upawa chini, akaingia ndani.

"Acha, wifi," Kidawa alimnong'oneza. "Usigombane na mama kwa ajili yangu."

"Nyamaza, fumbua. Usidhani nimekupenda. Nimeapa."

Tone likaingia. Kidawa akapepesa, na maji yakamteremka shavuni polepole. Kwa mara ya kwanza alifanana na mfiwa. Mwanaharusi alitaka kuyafuta, akayaacha.

"Shani!" sauti ya Bi Umi ilitoka uani. "Njoo unipakulie, mwanangu."

Mwanaharusi alisikia upawa ukikwaruza chungu. Akaivuta kope ya jicho la pili.

"Na hili," alisema.