Mlango wa Mama Papy

Saa tisa mchana upepo uling'oa bati la kwanza, juu ya chumba alimolala Henriette, mama yake Germaine. Mama huyo alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu Pasaka. Germaine alipanda juu ya kiti afunge mabati kwa waya, akaanguka. Alipoinuka, wingu jeusi lilikuwa limeshafunika bomba la moshi la kiwanda cha mjini. Mumewe alikuwa kazini kwenye mgodi wa Kakanda, mbali na nyumbani, na simu yake haikupatikana.

Nyumba imara hapo karibu ilikuwa moja tu, ya jirani yao Élise, ng'ambo ya barabara. Hawakuwa wamesalimiana mwaka mzima. Papy, mtoto pekee wa Élise, alipokufa kwa homa, Élise alisimama msibani mbele ya watu wote akasema Henriette ndiye aliyemuua kwa ulozi.

Germaine alimfunga mama yake mgongoni kwa kitenge, akavuka. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza. Akagonga.

"Mama Papy, utufungulie."

Akagonga tena hadi ngumi ikamuuma.

"Ingia weye," Élise alisema kutoka ndani. "Ule mama, hapana."

"Miye siwezi kuingia bila yeye."

"Basi mubakie."

Nyuma yao paa la nyumba ya Germaine liliondoka lote kwa kishindo. Akamlaza mama yake kizingitini, akamkinga kwa mwili wake, na mawe yakampiga kisogoni. Akalia kwa sauti.

"Uniache, mutoto yangu," Henriette alisema kwa ulimi mzito. "Ingia."

Mlango ukafunguka. Élise alimshika Henriette miguu, Germaine akashika mabega, wakamwingiza kwenye korido, mahali pasipo na dirisha. Wakaketi humo watatu, wamebanana, maji yakipita chini ya mlango. Henriette alikuwa akitetemeka mwili mzima. Élise alimtazama kwa muda mrefu, kisha akavua sweta yake akamfunika.

"Sikumuua Papy," Henriette alisema.

Élise akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Germaine alitaka kumshika mkono, akaogopa.

Mvua ilipopungua, Germaine alichungulia nje. Kuta za nyumba yao zilikuwa zimesimama bila paa, na godoro lilikuwa likielea mlangoni.

"Mutalala hapa leo," Élise alisema.

"Na kesho, Mama Papy?"

"Kesho sijue."