Kikombe cha Révérien

Kwenye kliniki moja ndogo ya uzazi pale Rwezamenyo, mwaka tisini na moja, kila mfanyakazi alikuwa na kikombe chake cha chai. Na ubavuni mwa kila kikombe Silvère wa maabara alikuwa ameandika kundi la damu la mwenyewe, kwa rangi nyekundu.

"Siku damu ikitakiwa," alisema, "tutakimbilia jikoni tu."

Watu walimcheka wee!

Siku yenyewe ikaja. Saa nne asubuhi Umulisa, aliyejifungua mtoto wa kike saa mbili tu, alianza kutokwa na damu nyingi. Nesi Pudentienne akampima presha. Akapima tena. Inashuka, tena mbio! Daktari, mikono yote kazini, hakuinua hata kichwa.

"Pude, damu! Kundi O! Upesi!"

Pudentienne akachomoka. Jikoni vikombe kumi na moja vimepangwa, vinameta. Vyeupe pee, hakuna herufi hata moja!

"Mama Mukandekezi! Maandishi iko wapi?"

Mpishi akajifuta mikono, anajivuna. "Nimesugua na majivu. Sasa iko safi, hein?"

"Yewe! Umesugua damu yetu yote!"

Silvère alikuwa ameshafika mlangoni, kashika kichwa. "Nikianza kupima watu wote upya, yule mama hatatungoja."

"Si iko daftari?" Pudentienne akauliza.

"Vikombe ndiyo ilikuwa daftari!"

Pudentienne alitaka kulia. Mukandekezi naye majivuno yote kwisha, anahesabu kwa kidole. Ghafla akaruka.

"Kumi na moja! Sisi tuko kumi na mbili! Ya Révérien sijaosha, anafungiaga kwa droo na sukari yake."

Wote watatu mbio hadi stoo. Révérien, mtunza stoo, mtu ambaye hajawahi kumpa mwenzake hata kijiko kimoja, akaziba droo kwa tumbo.

"Sukari hakuna!"

"Nani anataka sukari yako? Toka!" Mukandekezi akamsukuma kwa nyonga, droo ikafunguka. Kikombe kile, ndani kina ukoko wa chai wa mwaka mzima, na ubavuni herufi nyekundu: O.

Révérien akaitazama herufi, akaitazama sindano ya Silvère.

"Mimi? Hapana, jamani, mimi niko mwoga!"

"Kaa hapa, baba," mpishi akamfunika macho kwa aproni. "Hesabu vijiko vya sukari iko ndani ya droo. Sauti kubwa!"

Akahesabu. Silvère akapima haraka, damu ikakubaliana na ya Umulisa, akaanza kuitoa. Révérien alipofika kijiko cha mia mbili na kumi, Pudentienne alikuwa ameshaondoka na mfuko wa damu, bado wa moto mikononi.

Kabla ya adhuhuri presha ilikuwa imepanda na kutulia. Pudentienne alipima mara ya nne kwa raha zake tu. Umulisa akafumbua macho.

"Dada, naomba chai."

Mlangoni alisimama Révérien, uso umempauka, kikombe kinafuka mkononi.

"Nimetia vijiko viwili," alinong'ona, kama anaungama. "Lakini kikombe kirudi."

"Akimaliza nipe nikuoshee," Mukandekezi akasema.

"Usiguse!" wakapiga kelele wote, hata daktari.