Wavu Juu ya Mawe

Mgeni hakupiga hodi. Nasiba alipoinua macho kutoka kwenye sahani yake ya maharagwe, mwanamume aliyelowa hadi magotini alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Ni weye Madame wa mawe?" aliuliza. "Miye Muderhwa, wa Bukavu. Ile wavu ulikata mwezi ilipita, ilikuwa yangu. Kuja. Kuko ingine."

Nasiba hakuwa amewahi kumwona. Alikuwa amewaahidi wavuvi wa pande zote mbili za Ziwa Kivu, walipokubaliana kuyalinda mawe yaliyozama karibu na kisiwa, tilapia wanakolelea watoto, kwamba wavu wowote utakaonasa pale ataukata, wala hatauliza ni wa nani. Walimcheka, binti aliyetoka chuo juzi tu. Lakini walitii.

Alichukua kisu, akapanda mtumbwi wa Muderhwa. Ziwa lilikuwa bado limechafuka kwa dhoruba ya usiku. Muderhwa alipiga kasia akimtazama usoni, na macho hayo yalimtisha Nasiba kuliko mawimbi.

Kisha Nasiba akayaona maboya: vipande vya kandambili za kijani. Zilikuwa zake, za shule ya msingi. Mzee Kalisa, baba yake, ndiye aliyezikata kwa mkono wake, akazifunga kwenye wavu wake wa pekee. Upepo ulikuwa umeung'oa ukingoni alikouanika, akingoja msimu wa uvuvi ufunguliwe kesho.

Muderhwa aliweka kasia chini.

"Yangu pia ililetwa na upepo," alisema.

Nasiba aliinama majini. Nyuzi zilikuwa zimezunguka mawe kila upande. Karibu na uso wa maji tilapia jike alikuwa amenaswa kwenye mashavu, kinywa amekifumba kwa nguvu, kimejaa watoto anaowalea humo. Wavu ungevutwa mzima, angesagwa juu ya jiwe, yeye na wenzake wote waliokuwa chini.

Muderhwa naye alimwona. Sauti yake ikashuka.

"Tunaweza vuta tu, Maman. Mi sitasema kwa muntu."

Nasiba alifikiria baba yake asubuhi ya kesho, akiwa ukingoni mikono mitupu, wenzake wakiingia ziwani.

"Wewe sikukuuliza wavu ni wa nani," alisema.

Akakata. Jike alizama kinywa kikiwa bado kimefumbwa. Muderhwa alishika kasia, akautuliza mtumbwi dhidi ya mawimbi, na Nasiba akaendelea kukata, jiwe kwa jiwe, hadi akaifikia kandambili ya mwisho.