Malango Nyuma ya Beryl

Chama chao cha watembeaji kilitembea kila mwaka majira ya kuchipua, kondoo wakiwa wamezaa na mabonde ya Yorkshire, kule Uingereza, yamejaa vilio vya wanakondoo. Mnaondoka alfajiri ukumbi wa kanisa, jioni mnarudi pale pale, miguu si yenu tena. Mwaka jana Cedric, mumewe Beryl, alishindwa njiani akarudishwa kwa gari, akiutukana ugonjwa wake hadi nyumbani. Majira ya baridi akafa. Kabla ya kufa alimwomba mkewe ammalizie ile njia, naye akakubali. Basi leo alikuwa anaimalizia, magoti yanamuuma, wenzake wamemwacha mbali. Nyuma yake alikuwapo Gordon tu, aliyepewa kazi ya kutembea mkiani ili asiachwe mtu mlimani.

Kilima cha mwisho kilikuwa mbele yake, na saa ya kufunga ukumbi inakaribia, ndipo alipokumbuka malango ya malisho ya kondoo aliyopita njiani. Mungu wangu! Kule kwao hata mtoto mdogo anajua: lango ulilolikuta limefungwa, ukishapita lifunge, seuze kondoo wakiwa wananyonyesha. Na Beryl hakufunga hata moja tangu asubuhi. Miaka yote ya ndoa alitangulia yeye, Cedric akija nyuma na kufunga, huku akilalamika kwamba ameolewa yeye ili awe bawabu.

Akageuka. Alijua fika kwamba akirudi hatawahi ukumbini, na ahadi yake ndiyo basi tena. Lakini Cedric huyo huyo asingemsamehe mwanakondoo mmoja akigongwa barabarani. Akateremka akijikwaa, analia, anajiita mpumbavu.

Lango la kwanza alilikuta limefungwa.

Alisahau jeneza, alisahau kila kitu, akaita kwa sauti ya nyumbani kabisa: "Cedric?"

Aliyeinuka pale chini ya ukuta wa mawe alikuwa Gordon, kiatu mkononi, anatoa kijiwe. Akamwambia asihangaike, yote ameyafunga.

"Sasa mbona hukuniambia, Gordon? Siku nzima unaniangalia tu?"

Gordon alikitazama kiatu chake. "Ningekuambiaje, Beryl? Kila nikikukaribia nakusikia unaongea naye."

Beryl hakuwa na habari kwamba alikuwa akiongea. Alikaa kwenye nyasi akalia kilio ambacho siku ya mazishi alikizuia, na Gordon, maskini, akammiminia chai ya chupa yake. Baadaye akamnyanyua, akamwambia watu wa ukumbini watawangoja, wasipowangoja shauri yao.

Juu ya kilima palikuwa na lango la mwisho. Gordon alilifungua, akasimama kando ampishe.

"Tangulia wewe," Beryl alisema. "Wa nyuma ni mimi sasa."

Gordon akapita. Beryl naye akapita, akashika lango, akaitazama kidogo ile njia waliyotokea. Hapakuwa na mtu anayekuja. Akalifunga.